Ugonjwa Uliotulia

Tarehe 9 Februari

Mdogo wangu Kiherehere,

Pokea salamu za kaka yako, na za wifi yako ambaye amesimama mlangoni ananitazama aone kama nitaandika ukweli au nitazungukazunguka. Sisi wazima, isipokuwa mimi, na hiyo ndiyo habari yenyewe, lakini subiri kwanza. Binti yangu mkubwa amejifungua mtoto wa pili, wa kiume, amefanana na mimi maskini ya Mungu. Binti anasema wewe shangazi yake umemsusa. Karakana nina viti sitini vya ukumbi wa mikutano vya kushonea vitambaa upya, vyote vimekaliwa mpaka vimekata tamaa.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu tumeijaribu. Dakika ya kwanza salamu, ya pili habari, ya tatu tunagombana, ya nne mmoja wetu amekata. Kwenye barua huna budi kunisikiliza mpaka mwisho.

Basi, tangu mwishoni mwa mwaka jana nikipandisha kochi ngazini kifua kinabana, kama mtu ameniwekea goti hapa katikati. Nikisimama kinaachia. Nikasema ni gesi. Nimekunywa maji ya moto mpaka nimeyachukia. Wifi yako akachoka na gesi yangu, akanishika mkono mpaka hospitali kubwa. Wakanitembeza juu ya ule mkanda unaokwenda bila kufika, wakanipiga picha za mishipa. Mshipa mmoja wa moyo umebana, na wa pili umeanza kumuiga mwenzake. Ule mkubwa hauna neno, na moyo wenyewe bado unasukuma vizuri.

Daktari wa moyo ni mama mfupi, mpole, anaongea taratibu mpaka unatamani kumsukuma. Akasema, "Mzee, ugonjwa wako umetulia. Una njia mbili." Ya kwanza ni vidonge kila siku, kuacha sigara, kutembea, na kula kwa adabu. Ya pili ni hivyo hivyo vidonge na hiyo hiyo adabu, ila pia wananiingiza waya kwenye kifundo cha mkono mpaka moyoni, wanaupanua mshipa kwa kipira cha hewa, wanaacha humo kibomba cha wavu wa chuma ili usizibe tena. Nikamuuliza ipi inanipa miaka mingi. Akasema kwa mtu wa hali yangu hazipitani. Waya unaweza kuondoa maumivu mapema zaidi, lakini miaka hauongezi. Bima inalipa zote mbili, kwa hiyo hata kisingizio sina.

Amenipa muda nifikiri, na mimi kufikiri kumeshanichosha. Sema wewe, maana utasema tu hata nisipokuuliza.

Kaka yako,
Fundi


Tarehe 27 Februari

Kaka Fundi,

Shikamoo. Barua yako imefika leo, imechakaa utadhani imekuja kwa miguu. Sisi huku wazima, hofu ni juu yako wewe, na safari hii siandiki kwa mazoea. Shemeji yako amestaafu, na sasa kazi yake ni kunikagua mimi jikoni. Kiwandani wameongeza mstari wa tatu. Nasimama saa tisa nikitazama maboksi ya sabuni yakipita, nikitoa yaliyopinda, na nikifunga macho bado yanapita. Miguu inavimba. Mpe binti hongera zangu, umwambie sijamsusa, nimechoka tu.

Sasa nisikilize. Zibua. Bomba likiziba watu wanalizibua, hawalinyweshi vidonge. Jirani yangu dereva wa lori alizibuliwa miaka minne iliyopita. Aliingia akiwa amebebwa, akatoka kwa miguu yake, na leo anapanda ghorofa ya tatu akipiga mluzi. Unangoja nini?

Na neno hilo usiniandikie tena. Umetulia. Unajua vizuri kwa nini. Miaka tisa iliyopita ulinitumia ujumbe: "Mzee ametulia, usijisumbue kuja." Begi nilikuwa nimeshalifunga. Nikalifungua, nikarudisha nguo kabatini, nikaenda kazini, na kazini nikawaambia wenzangu baba anaendelea vizuri. Nilipofika kwenu Jumapili nilikuta udongo mbichi. Kwa hiyo mtu akiniambia kitu kimetulia, mimi mwili unanisisimka. Mwambie huyo mama mpole nataka tarehe ya waya. Uniandikie tarehe.

Mdogo wako


Tarehe 21 Machi

Kiherehere,

Marahaba. Wifi yako ameisoma barua yako kwa sauti mara mbili, ya pili kwa raha zake. Viti sitini nimevimaliza, na mwenye ukumbi ameleta makochi manane ya chumba cha kungojea. Mjukuu alikuwa na mafua, yamepona. Sigara tumeacha, mimi na paka, maana naye alishazoea moshi, sasa anashinda akipiga miayo.

Kuhusu waya. Nilirudi kwa daktari nikamwomba anionyeshe hicho wanachokiacha ndani. Akatoa kichupa cha kioo, akakitikisa mbele yangu. Dada, ni springi! Ndogo, inaweza kuingia kwenye mrija wa kalamu, lakini ni springi. Sasa mimi nimetia springi kwenye makochi ya watu miaka thelathini na minane. Najua inavyoanza, inang'aa, inaruka, mteja anafurahi. Najua pia inavyoishia. Inalegea, inachana kitambaa, inamchoma mgeni makalioni, na mteja anarudi ananiuliza, fundi, umenitia nini humu? Nikamwambia, mama, kwangu springi ikichoka nageuza kochi miguu juu, nafumua nyuma, natoa. Wewe utanigeuza? Akacheka mpaka akavua miwani. Akasema hiyo haichezi, inakaa tu, na nyama inaikumbatia mpaka inakuwa sehemu ya mshipa. Nikamwambia hata mimi wateja huwa nawaambia hivyo hivyo.

Nimechagua vidonge. Ninavyo vinne, viwili asubuhi na viwili jioni, na kimoja kidogo cha kuweka chini ya ulimi kifua kikibana. Daktari ameridhika, hakunilazimisha. Na wewe usinune.

Kaka yako


Tarehe 8 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Wote wazima. Habari za springi zilinichekesha, kisha nikakasirika kwa kuwa nilicheka. Kuhusu baba hukuandika hata mstari mmoja. Umeandika habari za paka.

Haya, umechagua. Nijibu swali moja tu. Unavimeza? Kila siku, vyote vinne? Nauliza kwa sababu nakujua. Wewe dawa ya minyoo ulikuwa unakimbizwa nayo kuzunguka nyumba, mama na jagi la maji nyuma, mimi nimetumwa kuziba njia ya uani. Unavimeza, kaka?

Mdogo wako


Tarehe 26 Mei

Kaka,

Wiki saba sijapata neno. Kuitikia shikamoo hakuhitaji wiki saba.

Jana nilimpigia wifi nikiwa kazini. Nikauliza hali yako. Akasema, "Ametulia." Kaka, nilikaa chini, pale pale sakafuni, simu mkononi, maboksi yanapita juu ya kichwa changu. Msimamizi akasimamisha mstari mzima akidhani nimezimia. Wifi akawa anaita, halo, halo.

Niandikie. Hata ukiniandikia matusi nitashukuru.


Tarehe 14 Juni

Mdogo wangu,

Nisamehe. Wifi yako naye anakuomba radhi, anasema neno lilimtoka kabla hajafikiri, alimaanisha nimelala. Mjukuu ameota meno mawili na anayatumia. Mengine ni yale yale.

Uliniuliza kama navimeza. Niliishika barua hiyo muda mrefu kwa sababu jibu lilikuwa hapana.

Nilivimeza mwezi mmoja na siku chache. Kifua kikaacha kubana. Napanda ngazi, hakuna kitu. Nikajiambia, si daktari mwenyewe alisema umetulia? Mtoto akishalala nani anaendelea kumbembeleza? Tena vilikuwa vinanipa kizunguzungu nikiinama, na kila nikifungua kopo nakumbuka kuwa mimi ni mgonjwa, na hilo ndilo lililonichosha kuliko kizunguzungu. Nikaacha. Nilikuwa navitoa mbele ya wifi yako, najifanya natupia mdomoni, navidondoshea mfuko wa shati. Nikifika karakana navitumbukiza kwenye gunia la sufi. Dada, kuna kochi moja mji huu limeshonewa dawa za moyo, na mwenyewe analikalia bila habari.

Katikati ya Mei nilipeleka kochi la watu watatu kwa mwalimu mmoja mstaafu, ghorofa ya pili, mimi nimeshika mbele, mume wake nyuma. Kwenye kona ya ngazi kifua kikabana. Nikasimama, hakikuachia. Tukaliweka kochi pale pale kwenye kona, nikakaa juu yake. Watu wanapanda na kushuka, wananisalimia, mmoja akauliza, fundi, unalijaribu? Mimi jasho linanitoka, siwezi hata kuitikia. Kidonge cha chini ya ulimi kilikuwa nyumbani, kwenye koti. Zilikuwa kama dakika kumi. Niliogopa, dada. Niliogopa vibaya sana, na niliona haya kufa kwenye kochi la mteja.

Kikaachia. Mwalimu akanipeleka hospitali kwa gari lake. Wakanilaza siku mbili, wakanipima damu mara kadhaa, wakasema moyo haukuumia. Yule mama akaja akakaa kitandani. "Mzee, nani alikuambia umepona?" Nikamwambia, "Wewe. Ulisema umetulia." Akaweka kalamu chini. Akasema, "Nilimaanisha hauzidi. Nilimaanisha upo hapo hapo ulipo, na tunataka ukae hapo hapo. Sikusema umeondoka." Kisha akasema miaka yote anawaambia watu neno hilo na hajawahi kumuuliza hata mmoja amesikia nini. Sasa kila mgonjwa akitoka anamwambia, nirudishie kwa maneno yako, nimesema nini.

Akaniuliza tena habari ya waya. Akasema nikitaka atanipangia, hakuna ubaya wowote, lakini nisiseme vidonge vimenishinda wakati sikuvimeza. Amenibadilishia kile cha kizunguzungu. Tumekubaliana miezi mitatu ya kumeza kweli. Kifua kikiendelea kunisumbua tutakwenda kwenye waya, nami sitaleta hadithi za springi.

Sasa ya baba. Nimeandika ukurasa mzima kabla ya kufika hapa, unaona mwenyewe.

Nilijua. Siku ile mzee aliacha kulalamika, akalala, pumzi zikawa zinakuja kwa mbali. Mimi ni mtu mzima, nilijua ni nini. Lakini ningekuandikia "njoo" ningekuwa nimekubali kwa mkono wangu kuwa anakufa. Nikatafuta neno ambalo si uongo, nikalipata hilo. Miaka tisa najiambia sikudanganya, kwa kuwa kweli alikuwa ametulia. Nilikudanganya, dada. Nimechoka kujitetea. Kama unaweza nisamehe, na kama huwezi bado niandikie.

Kaka yako


Tarehe 3 Julai

Kaka yangu,

Shikamoo. Barua yako niliisomea kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nikalia mpaka mwenzangu mmoja akaniletea maji. Nilipofika kwenye gunia la sufi nikacheka mpaka maji yakanitokea puani. Mhurumie mwenye kochi.

Sijui kama nimekusamehe. Nadhani nimeanza. Sitaki kukuandikia kwamba yamekwisha halafu nikukasirikie tena mwezi ujao.

Na mimi nina langu. Mimi sijui habari za moyo, najua sabuni. Yule dereva wa lori sikukumalizia habari zake. Yeye alikuwa amepata shambulio la moyo kweli, walimpeleka akiwa hoi, na waya ulimwokoa pale pale. Hali yake si yako. Na vidonge bado anameza, kiganja kizima. Nilijua yote hayo, nikakupa mluzi peke yake.

Nilitaka uzibuliwe kwa sababu kuzibuliwa kuna tarehe. Kiwandani ruhusa ya dharura ni ya mambo mawili, msiba siku tatu, au upasuaji wa ndugu wa damu siku saba, ukiwa na karatasi ya hospitali yenye tarehe. Vidonge havina siku. Nitakwenda kumwambia msimamizi naomba ruhusa, Jumanne kaka yangu anameza kidonge? Nilitaka ipangwe siku moja, nije nikae kwenye benchi la nje, mlango ufunguliwe waseme ameamka, na safari hii niwepo. Yaani nilikuwa radhi utobolewe ili mimi nipate benchi la kukalia. Nimeliandika, na sasa naona aibu kulisoma.

Chagua mwenyewe. Mwili ni wako. Mimi sitasema tena, na ujue inaniuma kutosema.

Mdogo wako


Tarehe 22 Septemba

Kiherehere uliyestaafu,

Marahaba. Wifi yako hajambo, ameniwekea utaratibu wa kufungua mdomo baada ya kumeza na kunyanyua ulimi, kama ng'ombe anayeuzwa. Mjukuu anatambaa, ameshakula gundi ya karakana, hakuna kilichompata. Makochi sibebi tena. Wenye makochi wanabeba, mimi natembea mbele nikisema kushoto, kushoto, inama.

Miezi mitatu imekwisha na nilivimeza vyote. Ghorofa mbili napanda bila shida. Ya tatu kifua kinanikumbusha kuwa kipo, nasimama kidogo, kinaachia. Daktari hakuniuliza kama maumivu yamekwisha. Aliuliza, "Hayo yaliyobaki, unaweza kuishi nayo?" Hakuna aliyewahi kuniuliza swali la namna hiyo. Nikafikiri kweli, palepale kwenye kiti, kiti kibovu, sifongo imekwisha. Nikamwambia, nikienda polepole hayaji, nikikimbilia kitu yanakuja, na kwa umri huu sioni cha kukimbilia. Mwingine angetaka waya kwa hayo hayo yaliyobaki, na daktari anasema asingekosea. Mimi nimebaki na vidonge. Akaniambia nirudishe kwa maneno yangu. Nikasema: ugonjwa upo, umekaa, nami nimekaa nao, kila siku vinne, na siku ukinibana nikiwa nimepumzika nisingoje kesho, nije siku hiyo hiyo. Na nikibadili mawazo waya upo. Akasema nimefaulu.

Kwa hiyo sina tarehe ya kukupa. Sitazibuliwa, na kufa sina mpango. Nilipofika hapa kalamu ilitaka kuandika usijisumbue kuja, kwa mazoea. Nimeizuia. Jisumbue, dada.

Kaka yako


Tarehe 6 Oktoba

Kaka,

Shikamoo. Shemeji yako anakusalimu, anauliza kama naye anaweza kupata kidonge cha kunifanya nimsikilize. Miguu bado inavimba. Sabuni bado inapita.

Nilipopata barua yako nilijaza fomu ya dharura nikampelekea msimamizi. Akaisoma, akavua kofia. "Kaka yako amefariki?" Hajafariki. "Anapasuliwa?" Amekataa. "Anaumwa sana?" Anaumwa kidogo, kila siku. "Mama, sasa dharura ni ipi?" Nikamwambia, yuko hai, na mimi nina miaka hamsini na sita. Si mtu mbaya. Akasema hilo kwenye fomu halipo, nichukue likizo yangu ya mwaka kama watu wengine.

Hapo nikakwama, na nitakuambia kwa nini. Tangu baba, kila mwaka nabakiza siku kumi za likizo. Sijawahi kumwambia mtu ni za nini, hata shemeji yako. Mwaka ukiisha zinapotea, naanza kubakiza tena. Zilikuwa za maziko yako, kaka. Zile tatu za msiba haziniwezeshi hata kufika na kurudi. Ndiyo maana nilitaka za dharura, hizi niliogopa kuzigusa.

Nimeziomba zote kumi. Nafika tarehe 20, Jumanne, mchana. Hakuna litakalokuwa linatokea siku hiyo, na usinitafutie. Nitakaa karakana nikutazame unavyoshona. Ila ujue mwaka huu umekwisha, sina hata siku moja iliyobaki. Ukifa kabla ya Januari siwezi kuja kukuzika, kwa hiyo meza dawa.

Mdogo wako